Namna Nilivyomtetea Mwalimu Elija

Thika, Jumapili jioni

Rebeka, mama yangu,

Barua za watu wa kwetu huanza kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Hii haiwezi kuanza hivyo. Wewe huna cha kuogopa. Una cheti chako, una viatu vipya, na kesho unakwenda Ruiru kufundisha watoto wa watu kusoma. Hofu yote iko huku mezani kwangu, na nimekwisha kuchana karatasi mbili kabla ya hii.

Mambo ya kuchemsha maji, ya blanketi, na ya vijana wa mashamba ya kahawa wanaopigia wasichana miluzi, mama yako amekwambia tangu Jumatano na sina la kuongeza. Mimi nataka kukwambia jambo moja tu, nalo linahusu nyumba utakayofikia. Ukishalijua, huenda ukaikosa nyumba hiyo, na kazi pia. Nimelifikiria sana. Ningeweza kunyamaza, nawe ungefika salama ukapewa chai. Lakini nimenyamaza miaka minne, na kazi ya kunyamaza sasa naijua kuliko hata hii ya kukwangua ngozi kiwandani.

Mwalimu Elija, ambaye siku hizi anafundisha Ruiru, ndiye aliyekutafutia kazi, na anakupokea nyumbani kwake kwa ajili yangu. Ulimsikia mwenyewe siku ile aliporudi kutoka kizuizini, shati linamning'inia kama limetundikwa ukutani. Alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwamba siku aliyokamatwa, katika mji huu wote wa Thika, alikuwako mtu mmoja tu aliyemtetea. Halafu akaninyooshea mkono. Watu wakasema Amina. Wewe ulilia, na tulipotoka ukanishika mkono mbele ya wenzako, jambo ambalo ulikuwa umeliacha tangu ulipofika darasa la tano. Nilivishwa kilemba cha ukoka nikakikubali. Hata nilikirekebisha kidogo kikae vizuri.

Sikumtetea, Rebeka. Nitakueleza nilichofanya, na ili ukielewe lazima kwanza nikueleze lile genge la wapuuzi tulilojiita wazee wa usalama.

Wewe unakumbuka kitambaa cheupe nilichofunga mkononi. Ulikuwa na miaka kumi na minne na ulikipenda. Kitambaa kilianza hivi. Imajensi, ile hali ya hatari ya kupambana na watu wa msituni, ilipopamba moto, polisi wakawa hawatoshi mjini, basi Bwana mmoja Mzungu aliyekuwa msimamizi wa shamba la mkonge akaagizwa akusanye watu wa kujitolea wasaidie kuweka utulivu sokoni na kwenye stendi. Sisi tulimwita Bwana Kofia, kwa sababu hakuwahi kuivua, hata ndani ya nyumba. Aliwataka hasa watu wa kutoka magharibi kama mimi, kwa kuwa Wakikuyu hakuwaamini, na sisi alituona ni mifugo tu, haina neno. Tulikuwa tisa. Kulikuwa na mpishi, karani wa stesheni, na Barasa, fundi cherehani, ambaye ndiye niliyepangwa naye. Tulipewa kitambaa na rungu kila mtu, na firimbi moja kwa kila watu watatu. Firimbi ilizunguka mdomo hadi mdomo. Mate ya Barasa nimeyaonja kuliko supu ya nyumba yangu.

Tulifanya zamu Jumamosi kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na mbili, na Jumapili baada ya ibada. Wezi wa Thika walizijua saa zetu kuliko sisi wenyewe, kwa hiyo waliiba Jumanne. Katika mwaka mzima hatukushika mwizi hata mmoja. Tuliwashika akina mama wa uji, tukawafukuza kwenye baraza za Wahindi, na uji waliouacha tukaunywa. Tulimshika mzee mmoja wa Gatuanyaga kwa kuwa mbuzi wake alisimama katikati ya barabara akakataa kuondoka. Siku moja tulimshika mtu kwa kosa la kucheka. Barasa alimwuliza anacheka nini, akasema hacheki kitu, Barasa akamwambia basi wewe ni mwendawazimu au ni mtu wa msituni, chagua.

Barasa huyu, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, alikuwa akipiga magoti mbele ya watu kuwapima suruali. Jumamosi aliwapiga makofi watu hao hao, wengine wakiwa wamevaa suruali alizozishona. Mimi nilimdharau. Nakwambia hivyo ujue jinsi mtu anavyoweza kumdharau mwenzake na kutembea naye hatua kwa hatua, mkono kwa mkono, vitambaa viwili vinavyofanana.

Askari wa kweli hawakutuheshimu. Konstebo mmoja Mkamba, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alitutazama tukijipanga kwa mstari, akatema mate. Akasema, "Nyinyi ni kama makamasi. Hakuna mtu ameita, na bado mnatoka." Tulikasirika sana. Karani alitaka tumshtaki. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli.

Na mama yako? Mama yako alifua nguo zangu zote, soksi na za ndani, lakini kitambaa kile hakukigusa hata kwa kidole. Alikiacha pale pale nilipokitupa. Nikakifua mwenyewe kila Ijumaa, kwa sabuni nzuri, nikakipiga pasi. Nilimwambia kwamba kitambaa hicho ndicho kinachomweka yeye Thika, maana Wakikuyu walikuwa wanapakiwa kwenye malori kila wiki, na mke wa mtu wa usalama hangeguswa. Alisema, "Aterere, sikiliza, baba Rebeka. Mimi sijakuomba." Akaendelea kumenya viazi. Ilikuwa kweli kwamba nilihofia atachukuliwa. Ila ilikuwa kweli pia kwamba nilipenda jinsi watu walivyonyamaza nilipopita. Mtu aliyeshinda wiki nzima akinuka ngozi mbichi, anasukumwa huku na huku na nyapara, halafu Jumamosi watu wazima wanampisha njia. Nilipenda, mama. Hofu kwa ajili ya mama yako niliitanguliza mbele ili ile raha ipate kujificha nyuma yake.

Sasa sigara.

Wakati ule watu wa msituni walikuwa wamewakataza wafuasi wao kuvuta sigara za dukani, kwa kuwa zilikuwa za Wazungu. Bwana Kofia akapata akili. Alitugawia pakiti za sigara, akatusimamisha kwenye uwanja wa shule akasema, "Wewe nasimama kule stendi. Napa kila mutu sigara. Ile mutu nakataa, hiyo mutu mbaya. Kamata." Basi huo ndio ukawa uchunguzi wetu. Tulisimama mahali watu wanashuka kutoka kwenye basi, tukawawashia sigara. Aliyevuta alikuwa raia mwema. Aliyekataa alikuwa adui wa serikali. Watoto wangeweza kutufundisha akili kubwa kuliko hiyo. Jumamosi ya pili kila mwenye la kuficha alikuwa amekwisha kujua la kufanya. Wanaume waliokuwa na viapo vitatu vya msituni tumboni walivuta moshi wakakohoa wakatupigia saluti, tukawapisha. Hata kina nyanya walivuta. Nusu ya pakiti tulivuta sisi wenyewe, isipokuwa mimi, maana mimi nimeokoka.

Hapo ndipo pa kusikiliza. Mimi nimeokoka, sivuti. Kanisani kwetu hakuna anayevuta wala kunywa, wewe unajua, tumekulea hivyo. Na ni mimi niliyebeba pakiti. Nilishika ile sigara nikaipeleka kwenye midomo ya watu na kuwahesabu kuwa waovu wakiikataa, mimi ambaye ningeikataa. Hilo liliniingia akilini siku ya kwanza kabisa. Nikalitoa.

Jumamosi moja basi la kutoka Gatuanyaga lilifika kama saa tisa. Alishuka Mwalimu Elija na kifurushi cha chaki chini ya kwapa. Wakati huo alikuwa anafundisha huko, na Jumapili alikuja kusali nasi, kwenye ibada yetu ya Kiswahili. Tulikuwa tukikaa benchi moja. Alikuwa amemwombea nyanya yako alipofariki kule nyumbani, nami sikuweza kwenda kumzika. Aliponiona alitabasamu. Barasa akanipokonya pakiti akamwekea sigara mbele ya uso.

"Vuta, mzee."

"Asante, ndugu yangu. Mimi nimeokoka."

"Wote mnasema hivyo."

"Basi uliza huyu Zakayo. Tunasali pamoja."

Barasa akanigeukia. Wiki mbili kabla, Bwana Kofia alikuwa ametuambia kwamba anayemdhamini mtu, na mtu huyo akija kuonekana mbaya, atakwenda naye kwenye lori. Nilikumbuka hilo. Nikasema, "Twende kituoni, Bwana atamaliza hii maneno." Niliisema kwa sauti ya mtu mwenye busara. Tukaongozana, na mimi nikambebea chaki zake.

Kituoni walikuwapo wengine kama kumi wamekaa chini uani, mikono kichwani. Elija akakalishwa nao. Mimi nikaitwa ndani. Bwana Kofia alikuwa ameketi na kofia yake, raketi ya tenisi iko juu ya meza kando ya karatasi.

"Hii mwalimu nasema wewe najua yeye. Kweli?"

Nikajibu, "Namwona kanisani, Bwana. Moyo wake siujui."

Tazama neno hilo lilivyo safi. Ungeweza kulisema mimbarini. Hakuna uongo ndani yake hata punje, kwa maana nani anajua moyo wa mwenzake ila Mungu peke yake? Nilikuwa nimelitunga njiani, kutoka stendi mpaka kituoni, nikiwa nimebeba chaki. Yuda angalau alimbusu mtu waziwazi. Mimi nilimpeleka mtu wa Mungu kwa maneno ya Mungu, ili hata mbinguni nikiulizwa niwe na la kujibu. Bwana Kofia aliandika kitu, akasema, "Mzuri. Toka." Yule konstebo wa Kikamba alikuwa amesimama mlangoni. Baadaye aliniambia, bila hata kunitazama, kwamba Bwana alikuwa ameshaweka kalamu chini. Alitaka kusikia neno moja tu, ndiyo, amwachilie huyo mwalimu, na yeye Bwana aende zake klabu kucheza tenisi.

Nikatoka uani. Elija aliinua uso.

"Umewaambia, ndugu?"

"Nimekutetea, ndugu yangu," nikasema. "Wamekataa."

"Mungu akubariki, Zakayo."

Ndivyo nilivyomtetea. Nikavua koti langu nikampa, kwa kuwa jua lilikuwa linashuka na yeye alikuwa na shati tu. Ni lile koti la kijivu ulilolitafuta nyumba nzima ukitaka kunishonea kifungo, nikakwambia limeibwa stendi. Ukasema, na nyinyi watu wa usalama mlikuwa wapi? Tulicheka wote. Koti lilikwenda na Elija kwenye lori, na kutoka hapo kambi hadi kambi. Aliniambia mwenyewe kwamba kila aliposhikwa na baridi alinitaja kwenye sala. Mwongo aliyetoa koti lake bado ni mwongo, ila ana baridi. Sikununua jingine kwa miaka miwili, kana kwamba hiyo ni toba.

Mwezi uliofuata mke wa Elija alikuja hapa kwa miguu kutoka Gatuanyaga na kuku mwekundu, kunishukuru. Unamkumbuka? Mwanamke mfupi, mtoto mgongoni. Mama yako alimchinja kuku jioni ile, na wewe ukapewa paja. Mimi nilisema tumbo linaniuma. Nilikaa hapo mlangoni nikisikiliza mnavyotafuna, na nilitamani kuingia niwapokonye sahani. Sikuingia. Shule ya Gatuanyaga ilikaa bila mwalimu mpaka ikafungwa, na watoto wakarudishwa kuchunga. Bwana Kofia alirudi kwao Uingereza baada ya miaka miwili. Barasa bado anashona. Ukimwuliza leo atakwambia sisi ndio tuliouokoa mji huu. Mwaka jana alinishonea ile suruali yangu ya Krismasi, akanipima kiuno akiwa amepiga magoti, akasema, "Ile siku zetu, Zakayo! Watu walikuwa na adabu." Nilimwambia aache nafasi kidogo miguuni.

Sijui nikupe ushauri gani, na ushauri wa mtu kama mimi uutazame mara mbili. Ila kesho utakapoingia darasani utapewa kiboko na daftari la majina. Mtu yeyote anayepewa kitu cha kushika mkononi, kitambaa au kiboko au kalamu nyekundu, kwanza hukiona kizito. Baada ya wiki moja hakihisi tena. Mimi sikukihisi. Mtoto wa kwanza atakapokukatalia jambo, muulize sababu, na akikupa sababu ambayo hata wewe ungekuwa nayo, mwamini. Nilijua sababu ya Elija vizuri kabisa kwa kuwa ilikuwa yangu. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningekuwa sijui, ningekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa.

Na usiogope sana watu wakali. Mtu mkali unamwona akija. Mwogope mtu mpole anayechagua maneno.

Mwanzoni nilitaka kufunga barua hii kwenye bahasha, niandike jina la Mwalimu Elija, niiweke sandukuni mwako chini ya nguo, umpe ukifika. Nilikuwa nimeanza hata kuiandika hivyo, ndiyo ile karatasi ya kwanza niliyoichana. Niliona tena ninafanya lile lile, namtanguliza mtu mwingine mbele, na safari hii ni mtoto wangu. Karatasi ya pili nilikuwa nakuomba ufiche siri. Hiyo sitaki hata kuisimulia.

Mama yako nimemwambia leo baada ya chakula. Nilidhani atapiga kelele au atalia. Aliendelea kukunja sketi zako. Akasema, "Nilijua tangu ile siku ya kuku. Wewe hukukula." Miaka yote hiyo alijua, na alikuwa ananingoja. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ngai! Niseme mimi? Mdomo ni wako." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na mke wangu amesimama mwisho wake akitazama saa.

Kwa hiyo nitafanya hivi. Utakapoamka na kuikuta barua hii juu ya sanduku lako, mimi nitakuwa nimekwisha kuondoka na baiskeli. Nitafika Ruiru watu wakinywa chai ya asubuhi. Nitamwambia Mwalimu Elija nilichosema ofisini na nilichomwambia uani, maneno yenyewe, bila kuyapamba. Nitamwambia pia kwamba wewe hukujua mpaka leo, na kwamba ulipokula kuku wa mkewe ulikuwa mtoto. Kama ana la kunifanya, anifanye. Kama atafunga mlango, ni wake. Mimi nilimfungia miaka mitatu.

Wewe panda basi la saa tatu kama tulivyopanga. Usikae nyumbani kwa aibu. Aibu hii si yako, na sitakuruhusu uibebe. Najua kwamba ninaweza kukuharibia kazi uliyoisubiri na kuifurahia hivi, na ukinichukia utakuwa na haki. Ninakupenda kuliko jina langu zuri. Ningependa kusema nimekupenda hivyo siku zote, lakini umeisoma barua hii, hutaniamini.

Ukishuka Ruiru, tazama pale watu wanaposubiri. Ukimwona Mwalimu Elija, mfuate, na usimwulize niko wapi. Kuna uwezekano mwingine wa kutuona wote wawili tumesimama pamoja, lakini huo siuandiki, nisije nikaanza kuutegemea. Na ukiniona mimi peke yangu, nipe sanduku nilifunge nyuma ya baiskeli, turudi nyumbani kwa miguu. Njia ni ndefu, na hutalazimika kusema nami hata neno moja.

Baba yako,
Zakayo